Kutoka Kilolo hadi Pugu kwa Miguu

Vijana wa parokia wakikaa kupanga hija ya miguu, jina la kwanza kutajwa huwa Namugongo. Si ajabu. Mashahidi 22 wa Uganda, waliotangazwa watakatifu na Papa Paulo VI tarehe 18 Oktoba 1964, ni damu yetu, na kila Juni 3, sikukuu yao, uwanja wa Namugongo hufurika mahujaji wenye vumbi miguuni kutoka Uganda yenyewe, Kenya, Rwanda na Tanzania. Anayeanzia Kilolo, hata hivyo, achukue kwanza karatasi na kalamu.

Kutoka Ipogolo, pale barabara ya Kilolo inapoungana na barabara kuu chini ya mji wa Iringa, mtu akipita Mtera, Dodoma, Singida, Nzega, Kahama, Biharamulo na Bukoba mpaka mpakani Mutukula, kisha Masaka na Kampala, anatembea zaidi ya kilomita 1,400. Kwa kilomita 30 kwa siku, na Jumapili za kupumzika na kusali, hiyo ni safari ya karibu miezi miwili. Ili afike Juni 3 lazima aondoke mwanzoni mwa Aprili, nyanda za juu zikiwa bado na mvua, na akifika Kagera atakuta masika haijaisha. Wapo wanaoweza, na Mungu awatangulie. Ila mwalimu, mkulima wa viazi au mama mwenye watoto wadogo hapati miezi miwili.

Tena tunasahau kwamba imani ya Namugongo yenyewe ilipita kwetu ikienda kwa miguu. Wamisionari wa Afrika, tuliozoea kuwaita White Fathers, waliondoka Bagamoyo Juni 1878, wakapitia Unyanyembe mpaka kusini mwa Ziwa Victoria. Padre Pascal alifia njiani. Padre Siméon Lourdel na Bruda Amans walitia mguu Buganda tarehe 17 Februari 1879, miezi minane baada ya kuiacha pwani. Na walipolazimika kuondoka Buganda mwaka 1882, walikimbilia Bukumbi, karibu na Mwanza ya leo, wakakaa huko mpaka 1885. Katika miaka hiyo Wakristo wa Buganda walifundishana wao kwa wao, bila padre, na miongoni mwao wakatoka mashahidi wa 1886.

Watu wa Iringa tuna mizizi mingine, na mizizi hiyo iko Pugu.

Mapema mwaka 1888 Wabenediktini wa kwanza kutoka St. Ottilien, Ujerumani, waliingia Dar es Salaam, wakapanda vilima vya Pugu na kujenga misheni. Haikumaliza hata mwaka mmoja kwa amani. Watu wa pwani walikuwa wamesimama dhidi ya Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, katika vita ambavyo kiongozi wake mashuhuri alikuwa Abushiri bin Salim, na tarehe 13 Januari 1889 misheni ya Pugu ilivamiwa na kuchomwa. Waliuawa Sista Martha Wansing, Bruda Benedict Kantwerk na Bruda Petrus Michl. Wengine walichukuliwa mateka, wakaja kukombolewa baadaye. Shirika changa kama lile lingeweza kufunga virago na kurudi kwao. Halikurudi. Miaka isiyofika kumi baadaye watawa wa shirika hilohilo walikuwa Uhehe, wanajenga misheni ya Tosamaganga, juu ya kilima kisicho mbali na Kalenga.

Ndiyo maana nasema kwa moyo wote kwamba hija ya kwanza ya mtu wa Kilolo ingekuwa Pugu. Bila Pugu hakuna Tosamaganga, na bila Tosamaganga vigango vyetu vingekuwa na historia nyingine kabisa.

Njia hiyo inapita mahali pazito kabla haijaiacha wilaya. Lugalo, karibu na Ilula, iko ndani ya Wilaya ya Kilolo, wilaya iliyomegwa kutoka Iringa mwaka 2002. Hapo, tarehe 17 Agosti 1891, majeshi ya Mkwawa, mtawala wa Wahehe, yaliuvamia msafara wa kijeshi wa Mjerumani Emil von Zelewski, akauawa yeye, Wajerumani wenzake kadhaa na askari weusi zaidi ya 200, na Wahehe nao walipoteza watu wengi. Ukumbusho wa Wajerumani bado umesimama pale. Kalenga, ngome ya Mkwawa, ilianguka Oktoba 1894. Misheni ya Tosamaganga ilipoanza, Mkwawa alikuwa bado anawindwa porini, na alijiua Julai 1898. Habari Njema ilifika kwetu nyuma ya mizinga, na hujaji mkweli hauruki ukweli huo. Asimame Lugalo, avue kofia, aombee waliokufa wa pande zote mbili. Wale askari weusi nao walikuwa na mama zao.

Tena awakumbuke wapagazi. Unga, vitambaa, misumari, kengele na vitabu vya Misa, vyote vilipanda nyanda za juu vichwani na mabegani mwa watu, kila mmoja na mzigo wa yapata kilo 30, siku baada ya siku. Sisi tutabeba begi lenye blanketi, khanga na rozari, na bado tutalalamika.

Vita Kuu ya Kwanza iliwaondoa Wabenediktini wa Kijerumani Uhehe, na mwaka 1919 wakaja Wamisionari wa Consolata kutokea Kenya. Hapa kuna jambo ambalo hunigusa kila ninapolikumbuka. Mwanzilishi wao, Giuseppe Allamano, aliyetangazwa mtakatifu tarehe 20 Oktoba 2024, hakuwahi kukanyaga Afrika. Kwa miaka mingi alikuwa mlezi wa kituo cha hija cha Mama wa Faraja, Consolata, mjini Torino, na shirika lake alilianzisha mwaka 1901 akiwa katika kazi hiyo. Kanisa la Iringa, kwa hiyo, limelelewa na watu waliotumwa kutoka mahali pa hija.

Sasa mpango wenyewe. Kundi lianze na mazoezi ya Kilolo hadi Tosamaganga, mwendo wa siku mbili kwa asiye na haraka. Mazoezi hayo yatawaonyesha mapema nani ana viatu vibaya. Raba mpya ni adui wa hujaji: siku ya kwanza zinapendeza, siku ya pili kisigino kina lengelenge jeupe lenye maji, siku ya tatu mtu anatembea kwa ubavu wa mguu na goti linaanza kulalamika. Viatu vivaliwe shambani na sokoni mwezi mzima kabla ya safari. Soksi ziwe kavu. Kandambili za jioni zisisahaulike.

Wakati mzuri ni kuanzia mwishoni mwa Juni hadi Septemba, barabara zikiwa kavu. Alfajiri ya Julai Kilolo ina ukungu na baridi ya kuuma vidole, kwa hiyo koti ni lazima. Siku chache baadaye mtu amekwisha shuka mteremko wa Kitonga, yuko Ruaha Mbuyuni kwenye vitunguu na joto, na koti hilohilo limekuwa mzigo.

Kitonga ndipo pa kuogopa. Kona ni kali, malori yanapishana. Wapite asubuhi, mmoja nyuma ya mwenzake, wakiwa na fulana zinazong'aa, na mtu mwenye bendera mbele na mwingine nyuma. Na Mikumi hakuna ujasiri wa kutembea: barabara kuu inakata Hifadhi ya Taifa kwa yapata kilomita 50, kuna simba na tembo, hapo watu wapande gari. Hija haiharibiki kwa kupanda gari mahali pa simba.

Kulala kupangwe kwa barua. Paroko wa Kilolo aandikie maparoko wa njiani mapema, aeleze idadi ya watu, wanawake wangapi, wanaume wangapi, na siku ya kufika. Jumuiya ndogondogo zikijua mapema, chai ya rangi na makande vitakuwepo. Kundi likiibuka saa moja jioni bila taarifa, linawaaibisha wenyeji.

Huko mwisho wa safari, vilimani Pugu, ndiko kilipo kituo cha hija cha Jimbo Kuu la Dar es Salaam. Ndiko pia Mwalimu Nyerere alikofundisha, katika shule ya Mtakatifu Fransisko, mpaka alipoacha ualimu mwaka 1955 kwa ajili ya chama cha TANU. Mwalimu huyo, akiwa Rais, mwaka 1967 alitembea kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza kuliunga mkono Azimio la Arusha.

Kutoka Ipogolo hadi Pugu ni yapata kilomita 500. Kwa kilomita 25 kwa siku, Jumapili zikiheshimiwa na Mikumi ikivukwa kwa gari, ni wiki tatu na siku chache. Atakayeondoka Kilolo baada ya mavuno atakuwa amerudi nyumbani kabla ya mvua za Novemba.