Kompyuta ikisema diski ina hitilafu: nakili kwanza, tengeneza baadaye

Mtu akiniletea kompyuta inayogoma kufungua faili zake, swali langu la kwanza halihusu kompyuta. Namuuliza: ndani mna kitu gani ambacho huna mahali pengine? Jibu hilo ndilo linaloamua tuanzie wapi. Kama hamna kitu cha maana, tutaifuta, tuweke Windows upya, na kazi itakwisha kabla ya adhuhuri. Kama mna hesabu za chama, vyeti vilivyopigwa skani, picha za harusi au sauti ya marehemu, basi hatutengenezi chochote mpaka tuwe tumenakili.

Mimi ni mtu wa Pwani, lakini kazi ya ufundi naifanya Ukambani, baina ya Wote, Kibwezi na Kitui mjini. Wasomaji wengi wanazijua sehemu hizi kwa kupitia tu: basi linasimama Mtito Andei au Makindu, watu wanakunywa chai, kisha safari inaendelea. Wengine, hata hivyo, wana watoto wanaosoma Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya pale Kwa Vonza, au wana ndugu walioolewa huku, na simu zao zinapokuja huwa karibu kila mara ni za jambo hili. Nitakayoyaeleza yanafaa Mombasa na Lamu vilevile. Tofauti ni kwamba kwenu chumvi hula vyuma, na huku vumbi jekundu hujaza feni.

Umeme ukikatika

Chanzo ninachokutana nacho zaidi ni umeme. Kompyuta inapohifadhi faili haiandiki yote kwa mara moja. Sehemu hukaa kwanza kwenye kumbukumbu ya muda, kisha hushushwa kwenye diski. Umeme ukikatika katikati, faili hubaki nusu. Usiku wa Agosti 25, 2023, umeme ulipokatika karibu nchi nzima, hata uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta uliingia giza. Lakini si lazima iwe giza la taifa. Huku kwetu mvua za vuli za Oktoba hadi Disemba huja na radi, na umeme hucheza mara tatu au nne jioni moja. Kila ukicheza, kompyuta ya mezani isiyo na UPS huzimika ghafla na kuwaka tena.

Diski ya ndani ya Windows hupangwa kwa mfumo uitwao NTFS, ambao huweka daftari la mabadiliko ili ujirudishe sawa baada ya ajali kama hiyo. Zingatia kwamba daftari hilo hulinda mpangilio wa diski, si maandishi yako. Flashi na kadi za simu nyingi hutumia FAT32 au exFAT, na hizo hazina hata daftari hilo. Ndiyo maana flashi iliyong'olewa ikiwa bado inaandikwa huharibika upesi kuliko diski ya ndani.

Kisha kuna joto. Saiba nyingi za Kibwezi na Mutomo ziko chini ya mabati, na diski nyingi za kuzunguka zimeundwa zisipite nyuzi 55 au 60 za Selsiasi. Feni ikizibwa na vumbi, diski hufanya kazi mpakani mwa uwezo wake kila siku, na huchoka mapema.

Ni faili, ni mpangilio, au ni diski?

Haya ni magonjwa matatu, na dawa zake hazifanani. Faili moja ikigoma na nyingine zote zikifunguka, tatizo liko kwenye faili hiyo. Folda nzima ikipotea, au Windows ikikuambia lazima u-fomati kabla ya kutumia, mpangilio ndio umevurugika, na mara nyingi faili zenyewe bado zipo mahali pake. Kompyuta ikiwa nzito kupita kiasi, ikiganda unapofungua folda fulani tu, au ikitoa sauti ya tak-tak-tak, diski yenyewe inakufa.

Upo ugonjwa wa nne ambao mafundi wengi huusahau. Ukiona faili zinaharibika kwenye diski mbili tofauti, au faili uliyonakili sasa hivi haifunguki huku ile ya asili ikifunguka vizuri, shuku RAM. Bonyeza kitufe cha Windows, andika mdsched, uiruhusu kompyuta ijipime. Nimeona watu wakinunua diski mpya mara mbili kwa kosa la RAM.

Kupima afya ya diski hakuhitaji fundi. Programu ya CrystalDiskInfo ni ya bure, na ukiifungua husoma kumbukumbu ambazo diski huziweka kuhusu afya yake yenyewe. Ikionyesha «Caution» au «Bad», tazama mstari wa 05, C5 na C6. Mstari wa 05 ni idadi ya vijumba vidogo vya data, mafundi huviita sekta, ambavyo vimekufa na diski ikavibadilisha kwa akiba. C5 ni vile ambavyo diski imeshindwa kuvisoma na bado inasubiri kuamua. C6 ni vilivyoshindikana kabisa. Mimi huogopa C5 zaidi ya 05, kwa sababu huenda humo mna faili yako ambayo hivi sasa haisomeki. Mstari wa C7 ukipanda huku hii mingine ikibaki sifuri, mara nyingi ni waya tu: zima kompyuta, ubadilishe waya wa data, ujaribu tena. Flashi nyingi hazitoi taarifa hizi, kwa hiyo usishangae programu isipoiona yako.

Chkdsk si daktari wa faili zako

Hapa ndipo watu wanapopoteza vitu, na ndiyo sababu hasa ya kuandika makala haya. Mtu akiona ujumbe wa hitilafu, jirani humwambia aendeshe chkdsk na alama ya /r. Amri hiyo ni nzuri, ila kazi yake ni kuifanya diski iwe na mpangilio unaokubalika. Ikikuta faili ambayo anwani zake hazieleweki, huikata, na vipande huvitupa kwenye folda iliyofichwa iitwayo found.000 vikiwa na majina kama FILE0000.CHK. Kwa Windows, kazi imekamilika. Kwa mwenye faili, daftari la chama limekuwa vipande visivyo na jina.

Isitoshe, /r husoma kila sekta ya diski kutoka mwanzo hadi mwisho. Diski ya TB 1 iliyochoka inaweza kuchukua usiku mzima na zaidi, ikikwaruza pale pale palipooza. Diski inayokufa haina pumzi ya kazi hiyo. Pumzi iliyobaki itumie kunakili.

Familia moja ya Kitui mjini, yenye asili ya Pwani, iliniletea kompyuta ya baba yao aliyefariki. Mzee alikuwa amejirekodi kwa miaka akisoma maulidi na kuwaeleza wajukuu habari za ukoo: nani alitoka Lamu, nani alikuja na biashara Ukambani akaoa. Nakala nyingine haikuwepo, wala kwenye simu. Binti yake aliniambia, "Kaka, hata kama ni moja tu, nitolee." Diski ilikuwa ya GB 500, na C5 ilikuwa inapanda kila nilipoiwasha.

Sikuiwasha tena kwa Windows. Niliitoa, nikaiunga kwenye kompyuta iliyowashwa kwa Linux kutoka kwenye flashi, pembeni nikaweka diski nzima ya TB 1 na UPS. Kwanza andika lsblk uone diski ipi ni ipi, kwa ukubwa wake, kwa sababu ukigeuza majina utaandika juu ya ile unayotaka kuiokoa. Kisha:

ddrescue -d -n /dev/sdb nakala.img ramani.map

Uzuri wa ddrescue ni kwamba haing'ang'anii mahali pabovu. Huchukua kwanza vyote vinavyosomeka kwa urahisi, huandika kwenye ile ramani ni wapi ilishindwa, kisha unaweza kuirudisha ikajaribu pale tu, kwa kubadilisha -n kuwa -r3. Ukizima katikati, inaendelea ilipoachia mradi ramani ipo. Nakala huwa na ukubwa wa diski nzima, hata kama faili ni chache, kwa hiyo nafasi iandaliwe mapema.

Ilichukua mausiku mawili. Matengenezo yote niliyafanya kwenye nakala, diski ya mzee ikiwa kabatini. Rekodi za MP3 zilizokosa kipande katikati huruka kidogo na kuendelea, kwa hiyo nyingi zinasikika. Video mbili hazikufunguka kabisa. Video za MP4 huweka fahirisi yake mahali pamoja, na pakipotea hapo, picha zote zimefungiwa nje. Ile ya ukoo ilipatikana ikiwa na mapengo mawili. Mapengo hayo hayawezi kujazwa na fundi yeyote, na niliwaambia hivyo siku ile ile, kwa sababu nawajua watu wanaolipishwa fedha nyingi kwa ahadi.

Diski ikiwa nzima, mpangilio tu umevurugika

CrystalDiskInfo ikisema «Good», na faili zako muhimu umeshazinakili, sasa chkdsk ina nafasi yake. Andika cmd kwenye kisanduku cha kutafuta, bonyeza kwa kitufe cha kulia cha kipanya, uchague «Run as administrator». Anza na chkdsk C: /scan, ambayo hukagua huku kompyuta ikiendelea kutumika. Ikikuta makosa ambayo haikuweza kuyarekebisha, andika chkdsk C: /f. Itasema diski inatumika na kuuliza kama ifanye hivyo utakapowasha tena, jibu Y. Hakikisha laptopu iko kwenye chaji, na kama nje kuna radi, subiri.

Windows yenyewe ikiwa ndiyo iliyoharibika, menyu hazifunguki au inakwama kila mara, andika kwanza DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth, ambayo huhitaji intaneti, kisha sfc /scannow. Amri hizi hugusa mafaili ya Windows, si ya kwako.

Jambo moja la kuliwahi: laptopu nyingi za Windows 11 hufunga diski kwa BitLocker bila mwenyewe kujua. Ukiihamishia diski kwenye mashine nyingine, utaulizwa ufunguo wa tarakimu 48. Ufunguo huo mara nyingi uko kwenye akaunti ya Microsoft iliyotumika kuanzisha laptopu. Uandike leo, kabla ya shida.

Flashi kutoka saiba

Mwaitu mmoja wa Kibwezi, kama tunavyowaita kina mama huku, alikuja akilia kwamba hesabu za kikundi chao zimegeuka kuwa njia za mkato. Hazikuwa zimeharibika. Kirusi cha flashi huficha folda zako na kuweka njia za mkato za uongo mahali pake. Ukizibofya ndipo unapokiendesha. Usizibofye na usi-fomati. Ikiwa flashi ni E:, andika:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Faili zitaonekana tena, pengine ndani ya folda isiyo na jina. Nakili faili zako tu, pitisha programu ya kuua virusi, ndipo u-fomati flashi.

Flashi za bei ya kutupa zinazodai kuwa na TB 1 au 2 ni hadithi nyingine. Nyingi zimedanganywa ndani: zina nafasi ndogo, na ikijaa, picha mpya huandikwa juu ya za zamani au hupotelea hewani. Jina la faili utaliona, picha hutaiona. Programu ya H2testw hujaza flashi na kuisoma tena, na husema ukweli. Ipime ikiwa tupu, siku ya kuinunua.

Picha zilizofutwa au zilizokuwa kwenye flashi iliyo-fomatiwa zinaweza kurudishwa na PhotoRec, ya bure pia. Inatambua picha kwa umbo la data yake, kwa hiyo majina hayatarudi. Usihifadhi kinachopatikana kwenye flashi ile ile. Kwenye SSD matumaini ni madogo, kwa sababu kompyuta huiambia SSD isafishe nafasi ya kilichofutwa muda mfupi baada ya kufutwa.

Faili moja ya Word

Mwanafunzi wa Kwa Vonza mwenye ripoti isiyofunguka ajaribu hivi: ndani ya Word, aende «Open», atafute faili, na kwenye kimshale kando ya kitufe achague «Open and Repair». Ikishindikana, ajaribu LibreOffice, ambayo wakati mwingine hufungua kilichoikataa Word. Ikishindikana tena, anakili faili, abadilishe mwisho wa jina kutoka .docx kuwa .zip, aifungue. Ndani, kwenye folda iitwayo word, mna document.xml yenye maneno yote. Mapambo yatapotea, maneno yatabaki. Lakini faili yenye ukubwa wa sifuri haina kitu ndani. Hapo tafuta kwenye barua pepe au WhatsApp uliyoitumia kumpelekea mtu.

Diski ikianza kugonga

Sauti ya kugonga ina maana kichwa cha kusomea ndani ya diski kimepotea njia au kimevunjika. Zima. Hapo hata ddrescue huweza kukwaruza sahani ya data isirudi tena. Usiiweke kwenye friji, usiigonge mezani, na asije mtu akaifungua kwenye kibanda: chembe moja ya vumbi la Mutomo ni kubwa kuliko nafasi iliyopo baina ya kichwa na sahani. Kazi hiyo hufanywa na maabara ya kuokoa data yenye chumba kisafi, na gharama yake ni kubwa. Kabla ya kuikabidhi, uliza mambo mawili: je, wakishindwa utalipa, na je, diski yako itarudishwa kama ilivyo.