Morisi, 1835: Uhuru Pasi na Uungwana

Tarehe 1 Februari 1835 sheria ya kukomesha utumwa, iliyopitishwa na Bunge la Uingereza mwaka 1833, ilianza kutumika katika koloni la Morisi. Watu zaidi ya 60,000 waliolala watumwa waliamka, kwa mujibu wa karatasi, wakiwa si watumwa tena.

Habari hii haiko mbali na pwani yetu. Wengi wa watu hao, au wazazi wao, walivushwa bahari kutoka Bukini, Msumbiji na Kilwa. Mwaka 1776 Mfaransa Morice alifunga mkataba na Sultani wa Kilwa wa kuuziwa watumwa 1,000 kila mwaka. Kisiwa kilikuwa cha Wafaransa wakati huo. Waingereza walikitwaa mwaka 1810.

Je, nani aliyelipwa kwa ajili ya uhuru ule? Serikali ya Uingereza ilitenga fidia ya pauni milioni 20 kwa makoloni yake, na zaidi ya milioni 2 zikaangukia Morisi. Zilikwenda kwa mabwana na wadai wao. Waliolima miwa hawakupata shilingi wala kipande cha ardhi. Wakatiwa katika kilichoitwa uanagenzi, yaani kuendelea kumtumikia bwana yule yule, hadi mwaka 1839. Mwanagenzi hujifunza kazi. Hawa kazi waliijua tangu utotoni, kwa mijeledi.

Mabwana nao walikwisha kujihami. Tarehe 2 Novemba 1834 merikebu Atlas ilitia nanga Port Louis na vibarua 36 wa mkataba kutoka Bara Hindi. Baada yao walifuata zaidi ya laki nne, na mtumwa wa jana akakosa hata nguvu ya kudai ujira wa haki.

Wazee wa Morisi husimulia kwamba askari walipopanda mlima Le Morne kuwapasha watoro habari ya uhuru, watoro walidhani wamekuja kukamatwa, wakajitupa kutoka kileleni. Ni masimulizi ya mapokeo, na maana yake i wazi: aliyezoea kuwindwa ataijuaje hatua ya mkombozi?

Kwa lugha yetu, kinyume cha mtumwa ni mungwana: mtu mwenye kwao, mwenye nasaba, ambaye neno lake husikilizwa. Mwaka 1835 ulitoa uhuru, uungwana ukazuiliwa. Mwaka 2011, Tume ya Ukweli na Haki ya Morisi ilipotoa ripoti yake, wajukuu walikuwa wangali wakidai ardhi.