Makaya ya Wamijikenda: Msitu Uliolindwa kwa Mwiko

Ukisafiri kutoka Kwale hadi Kilifi, nyuma ya hoteli za ufukweni na mashamba ya minazi na mikorosho, utaona hapa na pale kilima kilichovikwa msitu mzito, ilhali ardhi yote inayokizunguka imelimwa. Mgeni atadhani ni hifadhi iliyotengwa na Serikali tangu mwanzo. La hasha. Hiyo ni kaya, na walioutunza msitu wake kwa karne kadhaa hawakuwa askari wa misitu bali wazee, kwa viapo na miko.

Wamijikenda ni ndugu tisa: Wagiriama, Wadigo, Waduruma, Warabai, Wachonyi, Wakauma, Wakambe, Wajibana na Waribe. Masimulizi yao yanasema wahenga walitoka Shungwaya, upande wa kaskazini, wakasukumwa na mashambulizi ya Waoromo mpaka bara ya Mombasa. Wanahistoria hawajaacha kubishana kuhusu safari hiyo, lakini hakuna anayekana kwamba makaya yalikuwa miji hasa. Tangu karne ya 16 watu walijenga juu ya vilima, katikati ya msitu, wakaiacha miti isimame kama boma. Adui aliyetaka kuwafikia alilazimika kupita njia nyembamba yenye malango, moja nyuma ya jingine. Mahali pa siri palizikwa fingo, kinga ya mji mzima. Katikati palikuwa na moro, ambapo kambi, yaani baraza la wazee, ilikaa kuamua kesi, kupanga matambiko na kuomba mvua. Makaburi ya wakubwa yalikuwa humo humo.

Usalama ulipoongezeka, watu walianza kutoka kutafuta mashamba, na kufikia miaka ya 1940 makaya hayakuwa na wakazi tena. Nyumba zilioza, kaya haikufa. Kukata mti, kuchunga mifugo au kuokota kuni ndani yake kulibaki mwiko. Ndiyo maana vipande hivyo vya msitu, vingine vya hekta 10 tu na vingine vya hekta 400, vimekuwa kimbilio la mimea iliyokwisha kutoweka kwingine pwani. Wataalamu wa mimea walipokuja kuorodhesha miti, walikuta kazi ya uhifadhi imefanywa kabla yao.

Nguvu ya mahali hapa ilidhihirika mwaka 1913. Serikali ya kikoloni ilitaka kodi na vijana wa Kigiriama wakafanye kazi katika mashamba ya walowezi. Mwanamke mmoja, Mekatilili wa Menza, alizunguka vijijini akicheza kifudu, ngoma ya mazishi, na kila ilipochezwa watu walikusanyika kumsikiliza. Kisha yeye na mzee Wanje wa Mwadorikola wakawaita watu Kaya Fungo, wanawake wakala kiapo cha mukushekushe na wanaume kiapo cha fisi, kwamba hakuna atakayeitumikia Serikali. Oktoba mwaka huo wawili hao walikamatwa na kupelekwa Kisii, upande wa pili wa nchi. Mwaka 1914 walitoroka na kurudi pwani kwa miguu, safari ya mamia ya kilomita. Agosti 1914 Waingereza wakailipua Kaya Fungo kwa baruti. Hapo hapakuwa na ngome wala ghala la silaha. Walichokuwa wakikipiga vita ni kiapo, nao walijua vema kiapo hicho kinakaa wapi.

Kaya ilinusurika baruti. Hasara iliyofuata ililetwa na watu waliodai kuipenda sanaa ya Wagiriama.

Kigango ni mti mgumu uliochongwa kwa ajili ya mtu mmoja. Mwanachama wa Gohu, chama cha wazee wenye hadhi, akifariki, huchongewa nguzo yenye kichwa cha mviringo au chenye sura ya mtu, na kiwiliwili bapa kirefu kilichotiwa pembetatu ndogo ndogo safu kwa safu, zikakolezwa rangi nyekundu, nyeusi na nyeupe. Husimikwa bomani, mara nyingi baada ya marehemu kuwatokea jamaa zake ndotoni au baada ya nyumba kupatwa na misukosuko. Tangu siku hiyo hufungwa vitambaa, humiminiwa tembo na huambiwa habari za nyumbani. Familia ikihama, kigango hakihamishwi. Hukaa pale mpaka mchwa na mvua vikimalize, na hivyo ndivyo kinavyotakiwa kuisha.

Wafanyabiashara wa sanaa waliiona nguzo iliyoachwa peke yake wakaiita mali isiyo na mwenyewe. Kuanzia miaka ya 1970 na 1980 vigango vingi vilipelekwa Marekani, vikapamba sebule za matajiri na kumbi za makumbusho. Vigango viwili vilivyoibwa mwaka 1985 vilikuja kutambuliwa huko kwa sababu mwanaanthropolojia Monica Udvardy alikuwa amevipiga picha vikiwa bado vimesimama bomani. Mwaka 2007 vilirudishwa kwa familia iliyoibiwa. Denver Museum of Nature & Science ilikuwa na 30. Iliamua kuvirudisha mwaka 2014, navyo vikafika Nairobi mwaka 2019. Illinois State Museum nayo ilirudisha 37.

Kurudi huko ni jambo la kushukuru, lakini kigango kilichorudi Nairobi hakijafika kwao. Makumbusho huhifadhi kitu kwa kukizuia kisioze, na kigango kimewekwa ili kioze mahali pake, mbele ya watu wake. Pale familia inapojulikana, kirudi bomani. Pale isipojulikana, wazee wa Kigiriama ndio wenye haki ya kusema kikae wapi.

Mwaka 2008 UNESCO iliyaingiza makaya 10 katika Orodha ya Urithi wa Dunia. Mwaka uliofuata, mila zenyewe zikaandikwa katika orodha ya urithi unaohitaji kuokolewa kwa haraka. Haraka hiyo ina sababu. Ardhi ya ufukweni ina bei, na msitu usio na nyumba humtia tamaa mnyakuzi. Wazee wanaojua maneno ya tambiko wanapungua. Na liko jambo la aibu zaidi: huko Kilifi wazee wenye mvi wameuawa kwa kusingiziwa uchawi, mara nyingi nyuma yake kukiwa na ugomvi wa shamba. Nchi haiwezi kujivunia kaya huku ikimwacha mzee wa kaya alale kwa hofu.

Msafiri anayetaka kuijua historia hii aanzie Fort Jesus, Mombasa, ngome iliyoanzwa na Wareno mwaka 1593 na ambayo sasa ni makumbusho. Kisha apande Rabai, alikohamia mmisionari Johann Ludwig Krapf mwaka 1846, ambako kanisa la zamani limegeuzwa makumbusho na makaya ya Warabai yako jirani. Mwisho ashuke Kaya Kinondo, karibu na Diani, ambako Wadigo wenyewe huwapokea wageni. Hapo atafungwa kaniki kiunoni kabla ya kuingia. Ataambiwa asichume jani, asiokote jiwe wala kijiti, asibusiane na mwenzake. Mwongoza njia atamwonyesha mti huu wa homa na ule wa tumbo, na kuna mahali atamwambia basi, kutoka hapa ni kwa wazee peke yao.

Asikasirike akizuiwa. Mwiko huo ndio uliomtunzia msitu anaouona. Alipe kiingilio, kwani hunufaisha kijiji, aombe ruhusa kabla ya kupiga picha, na akiuziwa kigango kinachodaiwa kuwa cha kale, asikinunue hata kwa bei ya bure. Nanyi vijana wa Kimijikenda mnaosoma haya, wazee wenu wangalipo. Nendeni mkawaulize sasa, kwa kuwa yale wanayoyajua hayamo katika makumbusho yoyote.