Aliyelaumiwa Siye Aliyeandika

Mwaka wa kwanza wa masomo ya uzamili niliandika uhakiki wa riwaya moja katika mtandao wa wasomaji, nikaipa nyota moja kati ya tano. Sikutumia jina langu; nilitumia jina la ndege. Riwaya ilikuwa na makosa ya chapa, wahusika wawili waliobadilishana majina katikati ya sura, na mwisho wa haraka kama wa mtu anayewahi basi. Hayo ningeyasema hivyo hivyo yangetosha. Lakini nilikuwa nimesoma nyuma ya jalada kwamba mwandishi ni mwalimu wa sekondari, nikaongeza sentensi moja: kama anafundisha anavyoandika, Mungu awasaidie wanafunzi wake. Watu zaidi ya sitini waliipenda. Najua kwa sababu nilikuwa nikirudi kuhesabu.

Miezi kadhaa baadaye nikasikia kwamba mwalimu yule ameacha kusalimiana na mwenzake wa shuleni, mtu aliyemsaidia kusoma mswada. Aliamini ndiye aliyeandika. Sentensi ya wanafunzi ndiyo iliyomshawishi: nani mwingine angejua anavyofundisha?

Nilinyamaza. Muhula huo nilikuwa nasoma historia ya majarida ya uhakiki ya Uingereza, na huko nikakutana na mtu aliyenyamaza kabla yangu.

Jarida la Edinburgh Review lilianzishwa mwaka 1802 na vijana wachache, miongoni mwao Francis Jeffrey, aliyekuja kuwa mhariri, na Henry Brougham. Makala zake hazikuwa na majina. Desturi hiyo ilikuwa na hoja yake: mhakiki asiyejulikana hamwogopi mkubwa wala hampendelei rafiki. Tatizo ni kwamba msomaji aliyeumizwa alihitaji mtu wa kumkasirikia, na mtu pekee aliyejulikana alikuwa mhariri.

Mwaka 1807 kijana wa miaka 19, Lord Byron, alichapisha kitabu cha mashairi kiitwacho Hours of Idleness. Toleo la Januari 1808 la Edinburgh Review lilikichanachana. Lilimcheka kwa umri wake na kwa cheo chake cha kuzaliwa, mambo ambayo, kusema kweli, yeye mwenyewe alikuwa ameyatanguliza kwenye dibaji kama kinga. Aliyeandika, kwa wanavyokubaliana wanahistoria leo, alikuwa Brougham, mwanasheria wa miaka 29. Byron aliamini ni Jeffrey.

Jibu lake lilitoka mwaka 1809, utenzi mrefu wa dhihaka uitwao English Bards and Scotch Reviewers. Nilipofika hapa nilicheka peke yangu maktabani, maana toleo la kwanza la jibu hilo nalo halikuwa na jina. Byron aliliweka jina lake katika toleo la pili, mwaka huohuo, baada ya kuona linauzika. Ndani yake Jeffrey anachapwa kwa kosa ambalo hakulitenda, pamoja na washairi wengi ambao hawakuwa wamemkosea Byron lolote.

Mmoja wao alikuwa Thomas Moore, mshairi wa Ireland. Mwaka 1806 Jeffrey alikuwa ameandika uhakiki mkali wa mashairi ya Moore, akiyaita machafu. Moore akamwita kwenye pambano la bastola, wakakutana Chalk Farm, nje kidogo ya London. Polisi wakawahi kabla risasi haijapigwa. Bastola zilipokaguliwa ikasemekana ya Jeffrey haina risasi, na magazeti yakapata kichekesho cha wiki nzima. Lakini wale wawili walikuwa wameanza kuzungumza pale uwanjani, wakawa marafiki. Miaka minane baadaye Moore mwenyewe akaandikia Edinburgh Review. Byron aliifufua hadithi ya bastola tupu katika utenzi wake, Moore akamwandikia na yeye barua ya kutaka maelezo. Hilo nalo liliishia mezani, nyumbani kwa mshairi Samuel Rogers, Novemba 1811. Inasimuliwa kwamba Byron alikataa kila chakula alichoandaliwa, mwishowe akala viazi vilivyopondwa kwa siki.

Mwaka 1812, toleo la tano likiwa tayari, Byron aliagiza liharibiwe. Alikuwa ameshakaa na watu aliowatukana, akawaona ni watu. Miaka minne baadaye, akiwa Uswisi, aliandika pembeni mwa nakala moja kwamba sehemu kubwa ya utenzi ule anatamani asingeiandika. Jeffrey, kwa upande wake, alishausifu utenzi wake wa The Giaour mwaka 1813, bila kinyongo kinachoonekana. Na Brougham? Aliendelea na mambo makubwa, mengine ya heshima: alipigania kukomeshwa utumwa, akawa waziri mkuu wa sheria mwaka 1830. Huyu ndiye aliyenisumbua usiku. Utenzi ule ulisomwa kote nchini, rafiki yake akisulubiwa ndani yake, naye hakujitokeza hadharani kusema kalamu ilikuwa yake.

Si kila kisa kiliishia kwenye viazi. Februari 1821, John Scott, mhariri wa London Magazine, alikuwa akidai John Gibson Lockhart atamke wazi nafasi yake katika jarida la Blackwood's, lililokuwa likiwatukana waandishi bila majina. Ugomvi ukahamia kwa Jonathan Christie, rafiki wa Lockhart. Wakakutana Chalk Farm, palepale. Safari hii bastola zilikuwa na risasi na polisi hawakuja. Scott alikufa siku kumi na moja baadaye, kwa mkono wa mtu ambaye hakuwa ameandika tusi lolote kati ya yale yaliyomkasirisha.

Times Literary Supplement iliendelea kuficha majina ya wahakiki wake mpaka 1974. Mwaka 2004 hitilafu katika tovuti ya Amazon ya Kanada ilifichua kwa siku chache majina halisi ya wahakiki, ikaonekana baadhi ya waandishi walikuwa wakijisifu wenyewe. Kwetu, washairi waliolumbana magazetini mara nyingi waliweka jina na mji mwishoni mwa shairi, na hata lakabu ilikuwa na mwenyewe anayejulikana. Mtu alikutukana kwa vina na mizani, nawe ukajua jibu ulipeleke wapi.

Mwezi uliopita niliomba namba ya mwalimu. Kwanza niliubadilisha uhakiki: makosa ya chapa na majina ya wahusika nikayaacha, sentensi ya wanafunzi nikaifuta, nyota nikaongeza moja tu kwa sababu zaidi ya hapo ingekuwa uongo, jina langu nikaliweka. Kisha nikapiga simu.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Nani mwenzangu?"

Nikamweleza. Alikaa kimya mpaka nikadhani mtandao umekatika. Halafu akauliza wahusika waliobadilishana majina wako ukurasa wa ngapi. Nikamtajia, nikasikia karatasi zikifunuliwa.

"Ni kweli," alisema. Kisha, kwa sauti ya chini zaidi: "Sasa huyu mwenzangu. Amefiwa na mkewe mwezi wa tatu, na mimi msibani sikwenda."