Injini Iliyofunguliwa Ikutha

Mlio ulianza tulipovuka daraja la Mto Athi, tukitoka Kibwezi, upande wa Makueni, kwenda Ikutha, upande wa Kitui. Kitu kilikuwa kinagonga ndani ya injini, ko-ko-ko, kama mdai anayebisha mlango akijua uko ndani. Mdogo wangu, ambaye boda boda ndiyo kazi yake, alipunguza mwendo. "Ni cheni tu," akasema. Sote wawili tulijua si cheni. Mbele kidogo injini ilikata, na kiki ikakataa kushuka.

Tukasukuma. Mkopo wa pikipiki ulikuwa umebakisha miezi mitano, na siku boda isipotembea, mkopo haulali.

Ukisukuma pikipiki juani unapata muda wa kuwaza waliopita hapo kabla yako. Nchi hii ni ya wachukuzi wa zamani. Katika karne ya 19 Wakamba waliongoza misafara ya pembe za ndovu hadi pwani. Kivoi wa Kitui ndiye aliyevuma zaidi. Ndiye aliyemkaribisha mmisionari Johann Ludwig Krapf mwaka 1849, na tarehe 3 Desemba, akiwa Kitui, Krapf akauona Mlima Kenya. Kisha ikaja reli. Ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikapita Kibwezi, Makindu na Emali, ikaiacha Kitui ng'ambo ya mto. Huku kwetu mzigo ulibaki kwa punda, kwa baiskeli, na kwa migongo ya kina mama.

Boda boda yenyewe ilianza kama baiskeli kule Busia, ikivusha watu mpakani na Uganda. Pikipiki zilifurika baada ya serikali, mwaka 2008, kuondoa kodi ya VAT kwa zile zenye injini chini ya sisi 250. Kufikia 2011, zaidi ya 100,000 zilikuwa zikisajiliwa nchini kwa mwaka. Hiyo ndiyo historia ambayo huandikwa: sheria, bandari, idadi. Haisemi ni nani atakayeifungua injini ikisha kula vumbi miaka minne. Punguzo la kodi lilituletea pikipiki, halikutuletea fundi.

Fundi tuliyemkuta Ikutha ni mzee aliyejifunzia kazi kwenye injini za dizeli za kusaga mahindi, kabla pikipiki hazijajaa. Hakuuliza tumetoka wapi. Alimtazama mdogo wangu, akauliza, "Oili ulimwaga lini, kijana?"

"Nimekuwa nikiongeza, mzee."

"Sijauliza kuongeza."

Kimya. Injini ndogo kama hii hubeba oili ya kama lita moja tu, na hiyo ndiyo inayolainisha kila kitu humo ndani. Ikiwa nyeusi na nzito kwa vumbi, husaga badala ya kulainisha. Mzee aliishusha injini, akaifungua juu ya gunia, akashika konrodi kwa vidole viwili, akaivuta juu na chini. Ilicheza. Hapo haitakiwi kucheza hata kidogo. "Krankshafti imekwisha," akasema. "Imenoki."

Krankshafti ndiyo inayogeuza kupanda na kushuka kwa pistoni kuwa mzunguko unaofika kwenye gurudumu. Kwa pikipiki hizi ni sahani mbili nzito za chuma zilizounganishwa kwa pini, na konrodi huzunguka juu ya beringi ya pini hiyo. Beringi yetu ilikuwa imegeuka unga unaong'aa.

Mdogo wangu alitaka tununue injini nzima, iliyotumika, tuondoke jioni ile. Mzee alipangusa ganda la injini kwa kidole, akatuonyesha namba iliyogongwa pale. "Hii ndiyo iko kwa logibuku. Ukinunua injini ya mtu, unanunua na kesi yake." Na injini mpya ingemaanisha mkopo juu ya mkopo. Ikabaki njia ya tatu: ganda letu, namba yetu, na matumbo mapya.

Krankshafti ilipanda matatu kwenda Kitui mjini, kwa fundi mwenye presi. Kule pini ya zamani ilisukumwa nje, ikaingia mpya na beringi yake na konrodi yake. Kisha ikaja kazi ngumu zaidi: kuzinyoosha sahani mbili zizunguke kama kitu kimoja. Hugongwa kwa nyundo ya shaba, zikapimwa, zikagongwa tena, maana zikipinda hata kwa upana wa unywele, injini itatetemeka hadi ijiue. Ilirudi siku ya tatu. Mzee akaongeza beringi mpya za pembeni, akabadilisha pistoni na ringi, akasafisha kila tundu la oili.

Watu kama yeye Kenya imewaita jua kali kwa miaka mingi. Rais Moi alipowatembelea wa Kamukunji, Nairobi, mwaka 1985, aliagiza wajengewe vibanda. Mzee wa Ikutha bado anafanyia kazi chini ya mwarobaini. Hata hivyo, ukiniuliza nani aliyeleta usafiri Kitui Kusini, nitamtaja yeye kabla ya waziri yeyote wa fedha. Kodi iliondolewa mara moja. Yeye huifufua pikipiki ileile mara ya pili na ya tatu.

Injini iliwaka kwa kiki ya nne. Tuliacha ingurume polepole, tukisikiliza. Hakuna ko-ko-ko. Mzee alitukataza kubeba mzigo mzito wiki mbili, akataka tumwage oili ya kwanza mapema.

Siku hizi, ubavuni mwa tangi, mdogo wangu huandika kwa rangi nyeupe tarehe ya kumwaga oili. Ukiacha ile namba ya ganda, hayo ndiyo maandishi pekee yaliyopo juu ya maisha ya injini hiyo.