Shairi la Troy na Kikao cha Same

Natumaini mmekwisha kaa vizuri, taa inawaka, na kila mmoja ana daftari na kalamu yake. Leo hatusomi habari za mbolea wala za hesabu. Leo ni somo la historia, lakini historia yenyewe tutaitafuta ndani ya shairi la zamani sana, shairi la watu wa Ugiriki. Wazee wetu waliwaita watu hao Wayunani, na mimi nitatumia majina yote mawili.

Shairi hilo linaitwa Iliad, na mtunzi wake anaitwa Homer. Wataalamu wengi husema lilitungwa yapata karne ya 8 kabla ya Kristo. Lina mistari zaidi ya 15,600, nayo imegawanywa katika vitabu 24. Msiogope hesabu hiyo. Shairi hili halikutungwa kwa watu wenye vitabu. Lilitungwa kwa watu waliokaa na kusikiliza, kama mnavyosikiliza ninyi sasa hivi.

Pengine mmoja wenu atauliza, Wayunani wanatuhusu nini sisi watu wa Upare? Swali zuri. Kwanza, Kiswahili kinawajua Wayunani siku nyingi. Mwaka 1728, huko Pate, mshairi Mwengo alitunga Utendi wa Tambuka, wenye beti zaidi ya elfu moja, na habari zake ni za vita kati ya Waislamu na Herekali, mfalme wa Rumi, ambaye dola yake ilisema Kiyunani. Mwaka 1889 kilitokea kitabu cha Kiswahili kilichoitwa Mashujaa, chenye hadithi za Kiyunani za mashujaa wengine, siyo wa Iliad. Tena wazee wa Same watawaambia kwamba Wagiriki wenyewe walikuja huku. Reli ya kutoka Tanga ilipokuwa ikijengwa zamani za Wajerumani, ikapita chini ya milima yetu na kufika Moshi mwaka 1911, Wagiriki walikuwamo kazini, na baadaye wengine wakalima mkonge. Kwa hiyo wageni hawa si wageni sana.

Mimi Iliad nimeisoma kwa Kiingereza, maana Kiyunani cha kale sikijui. Nina tafsiri mbili. Moja ni ya Bwana E. V. Rieu, ya mwaka 1950, iliyoandikwa kwa maneno ya kawaida kama hadithi. Nyingine ni ya Bibi Emily Wilson, ya mwaka 2023, iliyoandikwa kwa mashairi. Nikizisoma pamoja naona jambo la ajabu: kisa ni kimoja, lakini mara nyingine watu waliomo si wale wale. Hilo ndilo ninalotaka tulitazame leo.

Basi sikilizeni kisa. Wayunani wameuzunguka mji wa Troy, sasa ni mwaka wa kumi wa vita. Mkuu wao ni Agamemnon. Shujaa wao ni Achilles. Katika mateka wamo wanawake. Agamemnon amejitwalia binti wa kuhani mmoja. Baba yake anakuja na mali nyingi kumkomboa, Agamemnon anamfukuza kwa matusi. Kuhani anamwomba mungu wake, na tauni inawaangukia Wayunani siku tisa, watu na wanyama wanakufa. Siku ya kumi Achilles anaitisha baraza. Inaonekana wazi kwamba kosa ni la mkuu, na lazima amrudishe yule binti. Agamemnon anakubali, lakini anasema, ikiwa mimi nakosa fungu langu, nitachukua la mwingine. Anamnyang'anya Achilles mwanamke wake aliyemteka, jina lake Briseis.

Achilles anashika fimbo ya baraza, fimbo ambayo msemaji huishika wakati wa kusema. Anaapa, kisha anaitupa chini. Anakwenda kukaa kando ya bahari karibu na merikebu zake, naye anakataa kupigana.

Hapo nataka msimame kidogo. Mtu anakaa chini na kukataa. Je, ninyi wa Same hamjapata kusikia habari kama hiyo?

Wengi wenu mmesikia habari za mbiru. Hapo zamani mbiru ilikuwa ni utoaji wa watu kwa wakuu wao. Wakati wa vita kuu ya pili, serikali ya Waingereza pamoja na machifu wa Upare walilichukua jina hilo wakalipa kodi mpya. Kodi hiyo haikuwa sawa kwa wote. Kila mtu alikadiriwa mali yake, na aliyeonekana ana zaidi alitozwa zaidi. Watu walisema makadirio hayana haki. Walisema wataendelea kutoa kodi ya zamani, bali hii hapana. Mwezi wa Januari mwaka 1945, maelfu ya wanaume waliteremka kutoka milimani wakaja Same, kwenye boma la Bwana Shauri, wakakaa. Hawakupiga mtu. Walikaa tu, majuma mengi, katika joto la Same ambalo mtu wa milimani hulijua ubaya wake. Mmoja wa viongozi wao alikuwa Paulo Mashambo. Mwaka uliofuata, 1946, wanawake wa Usangi nao walitoka, wakamkabili ofisa wa serikali na kudai majibu, maana waume zao hawapo na mashamba yanaharibika. Baadaye kodi hiyo iliondolewa.

Sisemi kwamba Paulo Mashambo na wenzake ni Achilles. Kwa kweli mimi naona walimshinda Achilles. Yeye alikaa kwa ajili ya heshima yake mwenyewe, na wenzake wakafa vitani kwa sababu hayupo. Wale wa Same walikaa pamoja, kwa shauri la wote. Lakini swali ni lile lile: mkuu akizidisha fungu lake, mtu aliye chini yake afanye nini?

Tena Homer anatuonyesha mtu mwingine ambaye watu humsahau. Jina lake Thersites, askari wa kawaida. Katika kitabu cha pili anasimama barazani akamwambia Agamemnon mbele ya watu: una shaba, una wanawake, unataka nini tena? Turudini kwetu. Maneno yake hayako mbali na yale ya Achilles. Lakini Achilles ni mtoto wa mkubwa. Thersites anapigwa kwa fimbo mgongoni, analia, na watu wanacheka. Mshairi mwenyewe anamweleza kuwa ni mtu mbaya wa sura kuliko wote waliokuja Troy. Nikisoma hapo hukumbuka kikao cha Same, nami sicheki.

Sasa shikeni kalamu. Andikeni neno mfalme. Tayari? Chini yake andikeni neno mfumwa.

Vitabu vingi vya Kiingereza humwita Agamemnon mfalme. Msomaji akiona hivyo hufikiri juu ya mfalme mmoja, mwenye kiti cha dhahabu na nchi nzima chini yake. Lakini katika Kiyunani neno hilo wanaitwa nalo wakuu wengi, kila mmoja na watu wake, na wote wamekutana kambini. Agamemnon ni mkubwa kati yao, wala si mwenye wote. Ninyi hamhitaji maelezo marefu. Upare wa zamani haukuwa na mfalme mmoja. Huku kusini kulikuwa na wafumwa, kila mmoja na nchi yake, na Ugweno ulikuwa na mangi wake. Mkisoma mfumwa badala ya mfalme, ugomvi wa Achilles unaeleweka mara moja. Msomaji wa London huhitaji maelezo pembeni. Mzee wa Mbaga hahitaji.

Neno la pili lina uzito zaidi, na hapa lazima nikiri kosa langu.

Homer ana shairi lingine, Odyssey, juu ya Odysseus aliyekawia miaka ishirini kurudi kwake. Wakati yeye hayupo, wanaume wamejaa nyumbani mwake wakila mali yake na kumtaka mke wake. Anaporudi anawaua. Halafu wanawake kumi na wawili wa nyumba ile, waliolala na wanaume wale, wanaamriwa kwanza wafute damu, kisha mtoto wake Odysseus anawanyonga kwa kamba moja. Nilipokuwa mwalimu kijana niliisoma habari hii katika tafsiri ya zamani ambayo iliwaita wanawake hao wasichana wa kazi. Basi nikasimama mbele ya darasa moja la watu wazima huko milimani nikasema, watumishi wa nyumba.

Mama mmoja wa makamo akanyosha mkono. Akauliza, "Mwalimu, watumishi hao walilipwa mshahara?" Nikasema hapana. "Waliweza kuacha kazi?" Nikasema hapana. "Na wale wanaume wakiwataka usiku, waliweza kukataa?" Sikuwa na jibu. Akasema, "Basi hao si watumishi, mwalimu." Akakaa.

Nilirudi nyumbani nimeona haya. Baadaye, Bibi Wilson alipotoa Odyssey yake mwaka 2017, yeye akiwa mwanamke wa kwanza kuchapisha tafsiri nzima ya shairi hilo kwa Kiingereza, niliona kwamba amewaita kwa jina lao: watumwa. Ndilo jina linalotokana na Kiyunani chenyewe. Wafasiri wengi waliotangulia walilipaka sukari. Mama yule aliligundua bila Kiyunani na bila Kiingereza.

Kwa nini aligundua? Mimi nafikiri ni kwa sababu ya mahali tunapokaa. Katika karne ya 19 njia ya misafara kutoka Pangani ilipita chini ya milima hii. Semboja wa Mazinde alipata bunduki kwa biashara hiyo, na watu wake walishambulia Upare. Watu walitekwa wakapelekwa pwani. Na Kiswahili, lugha iliyopanda na misafara ile ile, kinayo maneno yote tayari: mateka, mtumwa, mjakazi, suria. Kila moja lina maana yake, na mfasiri wa Kiswahili hawezi kujificha. Briseis ni nani? Mumewe na ndugu zake watatu waliuawa, naye akagawiwa kama fungu. Ukimwita mpenzi wa Achilles, umemsaidia Achilles. Ukimwita mateka, au suria, umesema kweli.

Mambo mengine nitayapita upesi, maana saa inakwenda. Mtaona katika shairi maneno yanayorudiwa rudiwa. Achilles huitwa mwepesi wa miguu hata akiwa amekaa. Watu walidhani ni uzembe wa mtunzi. Kati ya mwaka 1933 na 1935, Mmarekani mmoja, Milman Parry, alikwenda Yugoslavia kuwasikiliza waimbaji wa vijijini, na wengi wao hawakujua kusoma. Mmoja, Avdo Međedović, alimwimbia shairi la mistari zaidi ya 12,000. Waimbaji hawa walikuwa na mafungu ya maneno yaliyo tayari, wakiyapanga huku wakiimba. Hivyo ndivyo mashairi ya Homer nayo yalivyotengenezwa. Asiyejua kusoma si mtu asiye na elimu. Ninyi mnajua hivyo, lakini wasomi wa Ulaya ilibidi wafundishwe.

Kwetu kazi ya kusikiliza wazee ilifanywa na Profesa Isaria Kimambo, Mpare, ambaye mwaka 1969 alitoa kitabu cha historia ya Wapare kutoka yapata mwaka 1500 mpaka 1900. Sehemu kubwa alizipata kwa midomo ya wazee. Humo mna habari za Washana, wahunzi wa Ugweno waliotawala, mpaka Wasuya wakiongozwa na Angovi walipowapindua. Na katika Iliad, kitabu cha 18, yuko mhunzi pia. Ni mungu, lakini ni kiwete na anatoka jasho. Anamfulia Achilles ngao, na juu yake anachora watu wanaolima, wanaovuna, wanaocheza ngoma. Anachora hata wazee waliokaa juu ya mawe, wakisikiliza kesi ya fidia ya mtu aliyeuawa. Katikati ya vita, mhunzi anachora kijiji.

Shairi linakwisha wapi? Wengi hudhani linakwisha na farasi wa mti. Sivyo, farasi hayumo. Achilles amemuua Hector, mtoto wa Priam mfalme wa Troy, na kumburuta nyuma ya gari. Priam, mzee, anakwenda usiku kambini kwa adui, anapiga magoti na kuibusu mikono iliyoua watoto wake. Anasema, mkumbuke baba yako. Wote wawili wanalia. Achilles anamrudishia maiti. Kisha wanakula chakula pamoja. Wayunani wanasimamisha vita siku kumi na moja ili Hector aombolezwe na kuzikwa, na shairi linakoma hapo kwenye mazishi.

Kazi ya juma hili ni moja. Mwulizeni mzee mmoja nyumbani: kwa Kipare cha zamani, mtu aliyetekwa vitani aliitwaje, na mtu aliyewekwa rehani wakati wa njaa aliitwaje? Kama maneno ni mawili, yaandikeni yote mawili, kila moja kwenye mstari wake, pamoja na jina la kijiji chenu. Msiyasahihishe maneno ya mzee. Yaandikeni kama alivyoyasema. Mwalimu wa darasa atayakusanya, nasi tutayasoma hapa redioni katika somo lijalo. Kwaherini.