Walioketi juu ya mawe wakihesabu mwewe

Mwaka 1929 jimbo la Pennsylvania nchini Marekani lilitangaza donge la dola 5 kwa kila kipanga mkubwa wa msituni atakayeuawa. Dola 5 wakati huo zilikuwa fedha za kueleweka, hasa katika wilaya za machimbo ya makaa ya mawe ambako kazi zilikuwa zimeanza kuadimika. Wawindaji walijua pa kwenda. Mpakani mwa kaunti za Berks na Schuylkill upo mgongo wa mlima mrefu, Kittatinny, ambako kila majira ya majani kupukutika ndege mbuai hupita kwa maelfu wakielekea kusini, tena hupita chini kiasi kwamba mtu aliyeketi juu ya mawe kileleni anaweza kumwona mwewe mgongoni. Nani angejisumbua kumtenga kipanga na wenzake? Kila chenye mdomo wa kupinda kilipigwa risasi, na majeruhi wengi waliachwa wafie vichakani.

Mwaka 1932 kijana mpiga picha aitwaye Richard Pough alipanda huko, akaokota mizoga, akaipanga safu kwa safu chini na kuipiga picha. Picha hizo zilimfikia Rosalie Edge, mama wa New York aliyekuwa amepigania haki ya wanawake kupiga kura na sasa alikuwa amegeuzia ukali wake kwenye kutetea wanyamapori. Edge hakusubiri vyama vikubwa vya uhifadhi vikutane na kuandika azimio. Mwaka 1934 alikodi kipande cha mlima huo, takriban ekari 1,400, kisha akakinunua. Ndiyo Hawk Mountain ya leo, hifadhi ya kwanza duniani iliyotengwa kwa ajili ya ndege mbuai.

Ardhi bila mlinzi ni karatasi tu. Septemba mwaka huohuo alifika Maurice Broun, mtaalamu kijana wa ndege, pamoja na mkewe Irma. Broun alikubali kulipiwa gharama tu, mshahara hakudai. Wakagawana kazi: Irma alikaa barabarani akiwarudisha wenye bunduki, wengi wao watu wazima waliozoea kupanda mlima huo tangu utotoni na wasioona kwa nini mwanamke mgeni awaambie la kufanya. Maurice alipanda kileleni na darubini na daftari. Kwa kuwa hakuna aliyekuwa akipiga risasi tena, alibaki na siku nzima mbele yake na anga lililojaa ndege. Akaanza kuhesabu. Msimu huo wa kwanza ulipokwisha alikuwa ameandika zaidi ya ndege 10,000.

Zoezi lenyewe linaonekana jepesi kwa asiyelijua. Baada ya hewa baridi kushuka kutoka Kanada, upepo wa kaskazini-magharibi hugonga ubavu wa mlima na kupanda juu. Ndege hutandaza mabawa na kuuteleza upepo huo kilomita nyingi bila kupiga bawa hata mara moja. Mhesabuji huketi juu ya mawe, na jirani yake husimikwa bundi wa bandia juu ya mti, kwa sababu mwewe hawampendi bundi na huteremka kumshambulia, wakajionyesha karibu. Katikati ya Septemba ndiyo patashika. Shakivale wenye mabawa mapana, ndege wanaokwenda hadi Amerika ya Kusini, hukusanyika kwenye nguzo za hewa ya moto inayopanda, wakazunguka na kuzunguka hadi wawe vidoa, kisha mmoja huchomoka na wengine humfuata kwa mstari mnyoofu. Mhesabuji mzoefu hawahesabu wanapozunguka. Husubiri wachomoke, kisha hubofya kidude cha mkononi, bofya moja ndege mmoja, au bofya moja ndege 10 wakizidi. Siku moja ya Septemba 1978 walipita zaidi ya 21,000 mlimani hapo. Siku nyingine, upepo ukigeuka, mtu hukaa saa nane akiandika sifuri, na sifuri hiyo nayo ni lazima iandikwe.

Broun hakuwa wa kwanza kufikiria kwamba watu wa kawaida wanaweza kuhesabu ndege wa nchi nzima. Mwanzoni mwa miaka ya 1880 Wells Cooke, mwalimu, aliwaandikia wapenda ndege wa bonde la Mississippi akiwaomba wamtumie tarehe ambazo ndege wahamao wanafika na kuondoka. Majibu yakaja, na waliojibu wakaongezeka hadi maelfu. Kadi zao zilifika takriban milioni 6. Zilikaa miaka mingi makabatini, na karne hii ndipo watu wengine wa kujitolea walipoanza kuzinakili kwenye intaneti.

Kisha kuna Frank Chapman. Alianza maisha katika benki, na tabia ya kuhesabu haikumtoka. Mwaka 1886 alitembea katika mitaa ya maduka ya New York akikagua kofia za akina mama: kofia 700, na 542 kati yake zilipambwa kwa manyoya, akatambua aina 40 za ndege juu ya vichwa vya watu. Ni hesabu ya kuchekesha hadi uikumbuke biashara iliyokuwa nyuma yake. Wakati huo kulikuwa na desturi ya Krismasi ambapo wanaume waligawanyika makundi mawili, wakaingia msituni, na kundi lililorudi na mizoga mingi zaidi likashangiliwa. Desemba 1900 Chapman, sasa mhariri wa jarida la ndege, alipendekeza wahesabu badala ya kuua. Waliomsikiliza mwaka huo walikuwa 27, katika maeneo 25 kutoka Toronto hadi California. Leo ni makumi ya maelfu. Nadhani siri ya Chapman ilikuwa kwamba mashindano aliyaacha palepale, kwa kuwa alijua mwanaume wa wakati ule anapenda kurudi nyumbani na idadi kubwa kuliko jirani yake.

Sheria zilikwenda polepole kuliko madaftari. Mkataba wa kuwalinda ndege wahamao, uliopewa nguvu ya sheria Marekani mwaka 1918, uliwaacha mwewe na bundi nje; waliingizwa mwaka 1972. Katika miaka hiyo yote ya katikati, juu ya mawe ya Kittatinny, wahesabuji waliendelea kuandika, isipokuwa miaka michache ya Vita vya Pili vya Dunia Broun alipokuwa jeshini.

Ndipo linapokuja jambo ambalo kwangu ndilo kiini cha historia hii nzima. Broun aliandika zaidi ya idadi. Tai mwenye kichwa cheupe, nembo ya taifa la Marekani, huwa wa kahawia kichwa na mkia hadi anapokaribia miaka mitano, kwa hiyo mtu mwenye darubini nzuri anaweza kumtofautisha kijana na mzee akiwa angani. Broun alitofautisha, msimu baada ya msimu, bila mtu kumwagiza. Katika nusu ya pili ya miaka ya 1930 tai vijana walikuwa karibu 40 katika kila 100. Miaka ishirini baadaye, kati ya 1955 na 1959, walikuwa 20, na mwaka 1957 alipita kijana mmoja kwa kila wazee 32. Wazee walikuwa bado wanapita, kwa hiyo aliyetazama jumla peke yake asingeshtuka. Kilichokosekana ni watoto.

Rachel Carson, mwanabiolojia aliyewahi kupanda mlima huo mwaka 1945, alizichukua takwimu hizo na kuziweka katika kitabu chake cha 1962, Silent Spring, kama sehemu ya ushahidi dhidi ya DDT, dawa ya kuulia wadudu. Baadaye ikathibitika kwamba mabaki ya dawa hiyo huyafanya maganda ya mayai kuwa membamba, mama akiyalalia yanapasuka. Marekani ilipiga marufuku matumizi yake mashambani mwaka 1972, na mwaka 2007 tai huyo aliondolewa kwenye orodha ya viumbe walio hatarini. DDT haikuwepo sokoni Broun alipoanza kuandika mwaka 1934. Angeulizwa daftari lake ni la nini, asingekuwa na jibu la kumridhisha mfadhili.

Hesabu hudanganya pia, na walioishi nayo wanalijua hilo kuliko wanaoinukuu. Kwa muda vipanga wadogo walipungua mlimani, watu wakahofia maangamizi. Sehemu ya maelezo ni kwamba baadhi yao wameacha kushuka kusini kwa sababu huko kaskazini watu huwawekea ndege wadogo chakula bustanini, nao vipanga hubaki kuwala walaji. Kwa upande mwingine kozi wadogo wa Marekani wanazidi kupungua kwenye vituo vingi na wataalamu hawajakubaliana sababu. Ndiyo maana mlima mmoja hautoshi. Mwaka 1974 wahesabuji wa Amerika ya Kaskazini waliunda chama chao ili fomu za vilima mbalimbali zifanane.

Ulaya ilikuwa na vilima vyake. Falsterbo, ncha ya kusini-magharibi ya Sweden, Gustaf Rudebeck alihesabu ndege kuanzia 1942 hadi 1944, vita vikiwa vimewaka kila upande wa nchi yake, na tangu 1973 hesabu hufanyika kwa utaratibu uleule kila mwaka. Huko Georgia, mahali ambapo milima ya Caucasus inaibana Bahari Nyeusi, vijana wa kujitolea walianza mwaka 2008 kuhesabu nyuma ya mji wa Batumi na wakakuta mto wa ndege: zaidi ya milioni moja kwa msimu. Yaliyotokea Pennsylvania yamerudi hapo kwa sura nyingine. Wanakijiji walikuwa wakiwapiga risasi ndege hao na kunasa vipanga wa kuwindia, desturi ya siku nyingi. Safari hii hakuna aliyenunua mlima; wageni walilala katika nyumba za wenyeji na kulipia chakula. Bunduki hazijanyamaza kabisa, lakini mwenye nyumba ya wageni sasa ana sababu yake mwenyewe ya kutaka ndege wapite.

Na wakishapita Batumi wanakwenda wapi? Sehemu kubwa yao inakuja kwetu. Wazungu walichukua muda kuliamini hilo. Mwaka 1822 korongo alipigwa risasi kaskazini mwa Ujerumani akiwa na mshale wa Kiafrika wenye urefu wa karibu sentimita 80 umepenya shingoni, na hadi leo amehifadhiwa Rostock pamoja na mshale wake. Wao wakiona majani yanapukutika, huku kwetu mvua za vuli zinaanza, na kumbikumbi wanaotoka ardhini huwa karamu ya tai wa nyika za Asia waliotoka Urusi na Kazakhstan. Njia moja hupita Yemen na kuvuka mlango wa Bab-el-Mandeb hadi Djibouti. Msimu wa 1987 Waingereza wawili, Geoff na Hilary Welch, waliketi hapo wiki tano na kuhesabu karibu 250,000. Tai huyo wa nyika tangu 2015 ameorodheshwa kuwa hatarini kutoweka.

Upande wetu kazi kubwa kuliko zote ilianza kwa bahati. Mwaka 1969 hoteli ya Ngulia ilifunguliwa katika Hifadhi ya Tsavo Magharibi, kaunti ya leo ya Taita Taveta, ikiwa na taa kali za kuwaonyesha wageni wanyama usiku. Novemba na Desemba, ukungu ukishuka usiku usio na mwezi, taa hizo huwateremsha ndege wadogo wahamao kwa maelfu. Graeme Backhurst na David Pearson walifika na nyavu, na tangu hapo watu wa kujitolea kutoka Kenya na nje hukesha huko kila mwaka, wakinasa, wakipima bawa, wakipima uzito, wakifunga pete ya chuma mguuni na kumwachia ndege. Idadi imefika mamia ya maelfu. Kwa pete hizo ilijulikana jinsi Acrocephalus palustris, ndege wa kahawia asiye na chochote cha kumfanya mtu amtazame, anavyotoka Ulaya mwezi wa nane, akakawia Sudan na Ethiopia, na kupita Tsavo miezi mitatu au minne baadaye akielekea kusini mwa Afrika. Dume lake huiga sauti. Mtafiti Françoise Dowsett-Lemaire alirekodi madume hao Ubelgiji na mwaka 1979 akaonyesha kwamba wanaimba nyimbo za aina nyingine 212 za ndege, na 113 kati yake ni za Afrika. Mbelgiji aliye bustanini kwake mwezi wa sita anasikia vichaka vyetu, na pengine hajui.

Ramani ya Ndege ya Kenya, iliyoanza 2013, inawataka wananchi waandike aina wanazoziona ndani ya kila mraba wa kilomita 9 kwa 9 hivi, wakitumia angalau saa mbili. Ni kazi njema, na yeyote anaweza kujiunga. Lakini inaeleza ni aina gani zipo, haielezi wangapi walipita. Ngulia huwashika wadogo wa usiku. Tai na shakivale wa mchana, waliohesabiwa mmoja mmoja nyuma ya Batumi, huteleza juu ya kingo za Bonde la Ufa kila Oktoba na Novemba bila mtu mwenye daftari, pengine juu kabisa ya vibanda vya wauza vinyago na ngozi za kondoo kwenye barabara ya Nairobi kwenda Naivasha. Mahali pa kukaa papo, hata chai ipo. Anayehitajika ni mtu wa kuja hapo kila siku kwa miezi miwili, mwaka huu na mwaka ujao, na kuandika hata sifuri.